Neno Lililo Chini ya Weusi

Alunguli, Kindu, tarehe 14 Machi 1999

KWA ADOLPHINE, BINTI YA ONEMA, MWALIMU, KAMINA.

Mama Chérie,

Baba yako iko muzima. Usistuke kuona herufi kubwa tupu. Herufi ndogo ni za makarani, zinajikunja kama minyoo. Mimi miaka makumi tatu na moja nilipaka majina na namba kwenye vago za treni, na hakuna vago hata moja iliyopotea njia sababu watu walishindwa kusoma mukono wangu. Uliza muzee yeyote wa atelie ya treni aliyebaki hai.

Barua hii wanaibeba watu wa barua za familia. Wamenieleza sheria: inakaa wazi, bila bahasha, habari ya jamaa tu. Habari ya askari, hapana. Jina ya fasi wanapokaa askari, hapana. Kisha iko kijana mumoja kwenye biro ya wakubwa, ngambo ya maji, anasoma kila barua mbele haijaondoka. Neno lisilomupendeza analipaka weusi. Nikasema vizuri, mupakaji haogopi mupakaji.

Mutoto wako Chérie iko muzima. Anakula, anakua. Anasema sana, tangu asubui mupaka jioni, masikio yangu yamechoka. Juzi amesema: "Babu, wewe njo fundi mukubwa kuliko mafundi wote wa treni." Maneno yake hayo, mimi sijaongeza kintu.

Jioni tunashuka kwenye maji, mimi na yeye. Lualaba imejaa, inatembea pole kama rangi nzito. Saa ile ukungu unaanza kutoka ndani ya maji, tunakaa kimya tunangoja ██████. Wanatoka upande wa pori, makumi kwa makumi, wanapiga miluzi, wanavuka kuja huku. Mbele walikuwa wengi kuliko sasa. Jana ██████ moja ilianguka mbele yetu, imeumia. Chérie akaifunika na nguo yake. Leo asubui ikakufa. Tukaizika nyuma ya nyumba, tukaweka jiwe.

Wewe usije. Njia haiko. Kaa.

ONEMA, MUPAKAJI MUKUBWA


Kamina, 2 Juni 1999

Baba yangu mpendwa,

Barua yako imefika leo, miezi karibu mitatu njiani. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena kwa sauti mbele ya mume wangu Kabongo.

Baba, ni nani hao wanaotoka porini makumi kwa makumi wakipiga miluzi? Ni nani aliyeanguka mbele ya mtoto wangu akafunikwa na nguo yake? Mmemzika nani nyuma ya nyumba? Kijana wa biro amefuta jina, ameniachia kaburi.

Nilikuletea Chérie kwa likizo ya wiki tano, Baba. Wiki tano! Nilisema arudi kabla ya shule kuanza. Bado ninaiona siku ile kwenye gare, kituo chenu cha treni: mimi dirishani nimevaa gauni langu la kijivu na kile kitambaa chekundu cha kichwani ulichonichekea, yeye begani mwako anapunga mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na ndizi. Vita ikaanguka kati ya mkono wake na wangu.

Huku ni baridi, nyasi zimekauka, anga ni tupu kama sahani. Kila Jumapili baada ya misa ninakwenda gare. Hakuna treni. Ninainama ninaweka kiganja kwenye reli. Ninajiambia, chuma hiki ni kimoja, hakijakatika, huko mwisho kimefika karibu na nyumba ya baba yangu. Watu wananiona wananiacha. Wengine nao wameanza kuja.

Nijibu upesi. Nani amekufa?

Binti yako,
Adolphine


Alunguli, tarehe 20 Agosti 1999

Mama Chérie,

NDEGE! Nani amekuambia habari ya watu? Ni ndege. Ndege yenye manyoya, si ndege ya chuma. Ile ya kijivu, mukia mwekundu, yenye kusema kama muntu. Ile tunayoingoja jioni. Jina yake ni sawasawa na jina ya komini ya ngambo, mutaa ule wenye biro zote na askari wote, sasa kijana wa kusoma barua akadanganyika. Nimevuka na mutumbwi kwenda kumuona. Sikiliza.

Nikamuambia: "Kijana, umemuzika ndege wangu mara mbili."

Akasema: "Mzee, wewe umeandika habari ya komini."

"Mimi naandika habari ya ndege."

"Ndege? Ndege ni mbaya zaidi, mzee. Ndege ni habari ya askari kabisa."

"Ya manyoya! Ya mukia mwekundu!"

Akageuza karatasi juu, chini. "Komini inaanza na herufi kubwa. Ndege inaanza na ndogo. Wewe yote ni kubwa. Nitajuaje? Andika ndogo."

"Ndogo mimi siandiki."

"Hauandiki ao haujui?"

Watu wakacheka, watu wenye kupanga mustari. Nikamuuliza: "Ile jina iliyo juu ya mulango wako, unaiona? Nani aliipaka?" Akatoka nje kuangalia. Akarudi kwenye kiti. Ni mimi, Mama Chérie, mwaka wa 1974, na haijabambuka. Lakini wino wake mweusi hakuuacha. Akasema: "Mzee Onema, neno lile nikiliona, nitalipaka. Hata mukubwa wangu anasoma nyuma yangu." Basi mimi nitakuwa naandika "ndege ya mukia." Umeelewa sasa. Hakuna aliyekufa.

Chérie anakusalimia. Anasema: "Mama asije, njia ni mbaya, na babu ananitunza kuliko daktari, tena ana nguvu ya simba." Maneno yake.

ONEMA, FUNDI


Kamina, 11 Novemba 1999

Baba,

Nimecheka nikalia. Kabongo ameniambia tuwe na adabu, tumuombee yule ndege. Tumemuombea.

Sasa niambie ukweli. Katika barua mbili, Chérie amekusifu mara tatu. Mimi mama yake hajaniuliza hata mara moja. Mtoto wa miaka sita hasemi "kuliko daktari." Hasemi "nguvu ya simba." Mtoto niliyemzaa mimi angeuliza paka wake amezaa wangapi. Angetaka kujua nani amelala upande wake wa kitanda. Hayo maneno ni yako, Baba, yana kofia yako kichwani.

Mwanangu yuko hai?

Nisikilize vizuri, kwa kuwa ukaidi nimeurithi kwako. Kabongo amenitengenezea baiskeli. Nitangoja mpaka Ijumaa Kuu. Kama mpaka siku hiyo sijapata neno moja, moja tu, lililotoka kinywani mwa Chérie, nitaondoka. Nitafuata reli mpaka pale inapokatazwa, nitapita msituni, nitatokea ng'ambo nyingine. Ninawajua walio katikati, wenye bunduki. Mwalimu mwenzangu alikwenda mwezi wa saba kumtafuta mkewe, na sasa darasa lake ninalifundisha mimi. Usinieleze hatari. Nipe neno.

Adolphine


Alunguli, tarehe 9 Januari 2000

Mama Chérie,

Nilisema uongo. Lishike neno hili vizuri, sababu kutoka kinywa ya Onema hautalisikia mara ya pili.

Mutoto iko hai. Anakula, anakua, hayo ni kweli. Lakini hasemi. Tangu mwezi wa kumi wa mwaka ule, siku ile ambayo nikiiandika kijana atamaliza wino wake wote. Siku ile alijificha chini ya kitanda changu, kati ya mikebe ya rangi niliyotoka nayo atelie. Alipotoka, muguu wake wote mwekundu. Nikapiga magoti. Nikapangusa. Kumbe ni rangi, mukebe ulimwagika! Nikacheka sana kwa furaha. Yeye akaniangalia tu. Tangu ile siku hakuna neno, hakuna hata kilio. Mwaka umepita, na miezi juu yake.

Nilimupeleka kwa dada watawa. Nilimupeleka kwa muzee Ayoubu, jirani yetu, akamusomea. Wote wamesema ngoja. Mimi sijui kungoja na mikono mitupu.

Basi nikafungua mikebe. Ukuta wa chumba kikubwa, ule mweupe aliokuwa anaupenda marehemu mama yako, nikaanza kuupaka. Ulikuwa ukuta wa kuogopa, kila sauti ya nje ilikuwa inagonga pale. Kwanza nikavuta maji, Lualaba yote, kona mupaka kona. Halafu reli kando yake. Halafu treni. Kila siku kidogo: leo gurudumu, kesho vago. Chérie ananipa brosi. Anaonyesha na kidole: hii, hapana ile. Anajua mukebe gani mbele mimi sijafikiri. Mama Chérie, saa ile tunapaka, hakuna kintu kingine. Iko rangi, iko ukuta, iko harufu. Nje inaweza kulia vile inataka. Mara nyingine nikirudi nyuma hatua tatu nifunge jicho moja, vago zinatembea. Naapa. Na mutoto anaona vilevile, sababu anaondoa muguu wake pembeni ya reli.

Ni treni inayotoka kwenu. Nimeandika ubavuni KAMINA, herufi ya santimetri makumi mbili, haujapata kuona kazi sawa ile.

Jana alitia kidole kwenye dirisha ya vago ya mwisho, iko tupu bado, akaniangalia. Ananiuliza ndani iko nani. Nikamuambia: "Ngoja. Fundi hasukumwi."

Usitoke Kamina. Nakuomba. Nimeandika nakuomba, soma tena.

Baba yako,
ONEMA


Alunguli, tarehe 27 Februari 2000

Mama Chérie,

AMESEMA.

Leo asubui. Ukungu ulikuwa muzito, haujakaa kwenye maji tu, ulipanda, ukaingia kwenye mulango kama mugeni. Chumba chote kikawa cheupe. Maji ya ukuta na maji ya kweli, haukujua ipi ni ipi. Niliogopa kutembea, nisilowe. Nilikuwa nimemaliza dirisha ile ya mwisho jana jioni, nikaifunika na gunia, rangi ikauke bila vumbi. Nikaondoa gunia. Nikamuambia kintu fulani, haina faida kukiandika. Chérie akasogea. Akatia kidole. Rangi ilikuwa bichi bado kidogo, kidole kikashika.

Akasema. Sauti yake ilikuwa na kutu, sawa mulango wa vago iliyolala miezi mingi. Ikafunguka kidogo, ikakwama, ikafunguka. Akasema: ██████. Nikakaa chini. Akasema tena: ██████. Neno moja hilo. Basi.

Ulitaka neno lake. Nimekuandikia lile lile, sikuligeuza, neno ya mutoto haigeuzwi. Nimevuka mimi mwenyewe na barua mukononi mupaka kwa kijana. Nimemuambia: "Ukitaka, paka weusi barua yote, hata jina yangu. Hili moja uliache. Kuna mutu anataka kutembea kati ya bunduki sababu ya hili." Amesema atauliza mukubwa wake.

ONEMA


Kamina, 30 Aprili 2000

Baba,

Barua ilifika Ijumaa Kuu yenyewe, saa nne asubuhi. Mfuko ulikuwa umefungwa nyuma ya baiskeli. Kabongo alikuwa ameshika usukani na hataki kuuachia.

Wamelifuta, Baba. Mara mbili umeliandika, mara mbili wamelifuta. Niliinua karatasi kwenye jua. Weusi mtupu.

Lakini nilikaa kizingitini nikafikiri, na mfuko ukaanguka wenyewe, nikauacha. Mtoto aliyenyamaza mwaka na miezi minne, akaona treni iliyoandikwa Kamina, akatia kidole dirishani, atasema neno gani lingine? Amesema mama. Siendi, Baba. Nitangoja treni kama watu. Mtoto ananiita, basi najua nipo.

Kama sivyo, usinijibu jambo hili.

Kabongo amefungua mfuko. Mkate wote wa safari tumekula na majirani. Ulikuwa Pasaka yetu siku mbili kabla ya Pasaka.

Binti yako anayekungoja,
Adolphine


Alunguli, tarehe 15 Julai 2000

Mama Chérie,

Barua yako imefika. Lualaba imeshuka, mawe yameonekana karibu na fasi ya kuogea. Ndege ya mukia wamerudi wengi kidogo; jana tulihesabu makumi sita na nane, mimi nikasema makumi saba, sipendi hesabu yenye kuchechemea. Nimepata rangi ingine, nimeongeza miti kwenye ukuta, na mawingu, lakini mawingu si kazi, hata mutoto anaweza. Yeye njo ameyapaka.

Anasema sasa. Polepole, maneno mawili, matatu. Jana amesema chai yangu ni mbaya. Maneno yake hayo, naapa, mimi nisingeweza kuyabuni. Na ameuliza paka amezaa wangapi. Utuandikie hesabu.

Kaa hapo hapo.

ONEMA, MUPAKAJI


Lubumbashi, 3 Machi 2025

Baba,

Umekataa simu, umesema inakula maneno haibakizi hata mfupa. Basi nakuandikia, kama zamani, na barua hii nimempa Mama Jeannette, mfanyabiashara anayepanda treni kila mara kuja huko. Akikukuta unalalamika, atakuambia tu Adolphine amesalimia.

Tunasikia habari. Vita upande wa Kivu, watu wanakimbia mpaka Kindu. Silali vizuri. Mama Jeannette ameniambia umempokea mwanamke mmoja nyumbani, Jamila, na binti yake. Ni vema. Lakini barua yako ya Noeli, Baba, herufi zako zinapandana, mstari wa pili umekaa juu ya wa kwanza kama abiria. Zamani ungeweza kupiga mstari bila rula. Macho vipi?

Kuna jambo jingine. Chérie, unavyomjua, anauza vitambaa sokoni na sauti yake inafika barabara ya tatu, hakuna anayeamini niliwahi kungoja neno lake. Wiki iliyopita alikuwa ananisaidia kupanga sanduku. Akaona barua zako. Akasoma ile ya ukungu. Akauliza: "Mama, hapa chini ya weusi ni nini?" Nikajibu vile nimejibu miaka ishirini na mitano: "Ni mama." Akageuza karatasi.

Baba, mimi sikuwahi kuigeuza. Wewe unakandamiza kalamu kama unakata bati. Weusi uko mbele, lakini nyuma herufi zimesimama zote, mtu anaweza kuzishika. Chérie alifumba macho akapitisha kidole, kinyumenyume, akazitaja moja moja. Mara mbili.

KASUKU.

Sikushangaa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikushangaa. Weusi ule ulikuwa mrefu mno kwa neno la herufi nne, na mimi ni mwalimu, najua kuhesabu. Kwa hiyo sikugeuza. Nilihitaji mama, nikamchukua.

Chérie hakumbuki. Anakumbuka harufu ya rangi tu. Nami nilipokuja na treni mwaka wa 2004 kumchukua, niliuona ukuta. Nilimuona kasuku kwenye dirisha la vago ya mwisho, nikacheka moyoni: baba yangu amezeeka, wekundu wa mkia ameuweka kichwani. Sikuuliza. Ulikuwa unajisifu habari ya magurudumu.

Sasa nauliza. Sikuchukii. Ila mtoto alikuwa akiona kasuku kila jioni kwenye maji, wala hakusema. Kwa nini siku ile? Na kwa nini uliniacha na mama ambaye hakuitwa?

Adolphine


Alunguli, tarehe 2 Aprili 2025

Mama Chérie,

Herufi kupandana ni sababu ya meza, muguu wake mumoja ni mufupi. Macho yangu ni ya kipungu. Tumemaliza hiyo.

Na ile habari ya mukia. Wewe unafikiri Onema, mwenye kupaka vago mia na mia, hajui kasuku mukia wake iko fasi gani? Muzee Ayoubu alikuja kuangalia ukuta akaniambia vilevile, nikamuacha acheke. Sikumueleza. Ameenda kuzikwa na kicheko chake. Sasa nitakueleza wewe, na ukimaliza kusoma, kunja karatasi, usimupe kila muntu.

Mimi najua herufi. Najua gurudumu, reli, maji, nyumba, ndege. Uso wa muntu sijui. Hapo. Sikuwahi kujua. Kwenye atelie hawakuomba uso, waliomba namba. Nilipofika kwenye dirisha ya mwisho, mutoto alitaka kuona wewe ndani. Nikajaribu. Mara ya kwanza ikatoka mbuzi. Mara ya pili ikatoka mbuzi ileile, imevaa kitambaa. Mara ya tatu sitasema. Kila mara nilifuta mbele Chérie hajarudi kutoka nje, kwa haya. Wiki saba nilimuambia fundi hasukumwi. Hakukuwa fundi, Mama Chérie. Kulikuwa muzee mumoja mbele ya dirisha tupu.

Na wewe huko unafunga baiskeli.

Mikebe ilibaki miwili yenye kintu: kijivu ya vago, na ile nyekundu iliyomwagika. Nikaiangalia. Kijivu na nyekundu. Nikakuona kwenye gare, gauni yako, kitambaa chako, mimi nikakucheka, maneno ya mwisho niliyokuambia mbele ya vita yalikuwa kicheko. Kasuku naweza. Kasuku ninaipaka hata usingizini. Nikaipaka, na wekundu nikaupandisha kichwani, nikaufunga kabisa kama unavyofunga wewe, fundo nyuma ya sikio. Angalia ukija, fundo iko.

Asubui ile ya ukungu nilimuambia Chérie: "Huyu njo mama yako. Anavuka, kisha anarudi, kama wale wa jioni." Hicho njo kintu ambacho sikukuandikia. Akatia kidole. Akasema lile neno.

Sasa unaniuliza. Mimi najiuliza tangu ile siku: alikuona wewe, ao aliona ndege tu? Kama aliona ndege, basi kazi ilinishinda, na nimejisifu bure. Kama alikuona wewe, basi hakuna fundi aliyenipita, huku wala Ulaya. Ulipoandika "mama," nilinyamaza. Usifikiri ni huruma. Nilitaka mimi pia niamini.

Rangi ya dirisha ile imelika katikati. Vidole. Chérie kwanza, miaka ile, kila alipopita. Sasa binti wa Jamila. Walifika na mvua, wamelala chumba kile, mutoto analala ameelekea ukuta. Nimemusikia anazungumza na ukuta polepole, anauliza treni itafika lini. Nimemuambia inatembea, funga jicho moja.

Jioni ninashuka kwenye maji vilevile, na fimbo. Kasuku wamepunguka kabisa, watu wanawatega kwa kuwauza mbali. Jioni mbili zimepita hakuna hata mumoja. Ya tatu, ukungu ulikuwa umeanza, nikasikia muluzi. Mumoja, juu yangu, anavuka. Nikasimama, nikavua kofia.

Mukipata treni, wewe na Chérie, mimi nitakuwa kwenye gare. Usiniambie habari ya miguu yangu, nitavuka. Ila wewe vaa kitambaa chekundu. Watu watakuwa wengi kwenye madirisha, na nyuso, nimekwisha kukuambia, hazikuwa kazi yangu tangu zamani. Nyekundu ningali ninaiona.

Baba yako,
ONEMA